Blanketi Lililogusa Sakafu

Nilipaswa kukataa. Yoeli aliponiambia, "Mfungie tu, kwani ataenda wapi?", nilipaswa kumjibu hapana, nikae zangu mlangoni na babu mpaka mama arudi. Lilikuwa neno moja tu, na nililijua. Sikulisema.

Jambo hili limenirudia tangu juzi, mke wa mwanangu alipokuwa akisugua masufuria uani kwa majivu na maji. Hapa Same mjini joto hukausha kila kitu upesi, lakini kabla hayajakauka yale majivu yalitoa harufu yake, harufu ya moshi uliolowa, na mara nikajikuta niko Vudee tena, kijijini kwetu mlimani, mtoto mwenye miguu ya matope, nimesimama mbele ya mlango. Mkwe wangu huyo akaniuliza, "Baba, mbona umesimama juani?" Nikamwambia naangalia kama sisimizi wameingia jikoni. Akacheka, akasema sisimizi wa siku hizi wana dawa yao dukani, ya unga, unanyunyiza tu ukutani. Nyinyi mnaonisoma nitawaeleza kile nisichomweleza yeye.

Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, imekaa ukingoni mwa shamba la migomba na kahawa, na mlima ulipanda nyuma yake moja kwa moja. Mahali kama pale huishi peke yako. Babu, mzaa baba, alinifundisha kuwatambua wenzetu wadogo kabla sijajua kusoma. Kulikuwa na sisimizi weusi wanaofuata uji uliomwagika. Hao alisema ni kama watoto wa jirani, ukifuta sakafu wanarudi kwao. Kulikuwa na wale wa mitini, wakali kuliko udogo wao, wanaoingia ndani ukiacha tawi la mparachichi liguse paa. Dawa yao ni panga, unakata tawi. Kulikuwa na mchwa, ambao huwaoni wenyewe ila njia zao za udongo zinazopanda nguzoni kama mishipa kwenye mkono wa mzee. Unabomoa njia, kisha unagonga nguzo kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Ukisikia mlio mtupu, umechelewa.

Na kulikuwa na siafu.

Siafu hawaji kwako kwa sababu umeacha sukari wazi. Wako safarini, na nyumba yako imekaa njiani. Kwanza hutangulia wachache wanaokimbia ovyo, hawabebi kitu, hawana mstari, wanapapasa ukuta kama mtu anayetafuta mlango gizani. Ukiwaona hao, babu alisema, usijidanganye kwamba ni sisimizi. Sisimizi ana mzigo au anaufuata mzigo. Asiyebeba kitu ametumwa.

Kwetu siafu wakija hawapigwi vita. Unafungua milango na madirisha, unawafungua mbuzi kamba, unatoa kuku na watoto, mnakaa chini ya migomba na kuwaacha wapite. Wakishaondoka, nyumba haina panya, haina mende, haina kunguni. "Siafu ni mgeni anayefagia," babu alikuwa akisema. "Mfungulie, afanye kazi yake, aende. Ila asikute ndani kiumbe asiyeweza kutoka."

Hata hivyo hatukuwakaribisha kila mara. Majivu ya jikoni hayakutupwa kwetu. Yalikusanywa kwenye debe, yakiwa makavu, na kazi yangu ilikuwa kuyamwaga kuizunguka nyumba yote, mstari mnene usiokatika. Miguu ya kitanda cha babu ilisimama ndani ya makopo yenye maji na tone la mafuta ya taa, na hayo pia nilikuwa nayajaza mimi. Niliifanya kazi ile vizuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu haikusaidia.

Babu wakati wa nguvu zake alikuwa mgawa maji. Ndiva, yaani bwawa letu la juu linalokusanya maji ya kijito, ilifunguliwa na kufungwa kwa neno lake, na watu wazima waligombana mbele yake kuhusu zamu za mfereji, naye akawatuliza kwa kuwataja baba zao. Kisha akili yake ikaanza kuondoka. Haikuondoka kwa kelele. Siku moja aliuliza mara mbili kama tumekula. Baadaye akamwita mama kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Baba alikuwa kibarua katika mashamba ya mkonge kule chini tambarare, akija nyumbani mara chache, na alipokuja babu alimtazama kwa adabu na kumwuliza, "Wewe kijana ni wa nani?" Nilimwona baba akitoka nje kwenda kupasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Mimi alinijua. Sijui kwa nini mimi. Jina langu ni Eliamani, naye aliniita Mani, na jina hilo halikumpotea hata siku ambazo alisahau kijiko ni cha nini. Chakula alikubali kutoka mkononi mwangu tu. Mama alipomlisha alifunga mdomo. Mimi nilipokaa kwenye kigoda mbele yake na kusema, "Babu, shikamoo, tule," alijibu "Marahaba, Mani," akafumbua kinywa. Mama alisema mimi ndiye kamba aliyobaki ameishika. "Usiiachie," akaniambia. Maneno yale yalinipa fahari kubwa. Yalinichosha pia. Mtoto wa miaka kumi hapendi kuwa kamba.

Na alikuwa na wimbo wake mmoja. Kila siku, jua au mvua, alinishika mkono akasema, "Mani, siafu wanakuja." Mwanzoni nilizunguka nyumba nzima nikitafuta. Baadaye nilijibu tu, "Ndiyo, babu," nikaendelea na mambo yangu. Hata watoto wa jirani waliufanya mchezo, waliponiona njiani walishika viwiko vyao wakatetemesha sauti: "Mani, siafu wanakuja!"

Siku ile pembe ililia asubuhi, kabla ukungu haujapanda. Ni pembe ya mnyama, inapigwa kutoka kilimani, na kila Mpare wa umri wangu akiisikia hata leo mgongo wake hunyooka: msaragambo. Kazi ya wote. Kila nyumba itoe mtu, na nyumba isiyotoa mtu itasemwa mpaka wajukuu. Vuli ilikuwa karibu na ndiva ilikuwa imevuja kiangazi chote, kwa hiyo kazi ilikuwa kuzoa tope la chini na kusiriba sakafu yake kwa udongo mpya wa mfinyanzi. Mama alimfunga mdogo wangu mgongoni, akachukua jembe.

"Usimwache," aliniambia. "Akitaka kutoka, toka naye. Akikaa, kaa naye."

"Ndiyo, mama."

Hapo lazima niwaeleze kitu kuhusu kusiriba ndiva, la sivyo mtaniona mwovu kuliko nilivyokuwa. Ule udongo unamwagwa, unamwagiwa maji, kisha unakanyagwa mpaka ulainike, ushikamane na usipitishe maji. Na wanaokanyaga ni watoto. Wazee huimba pembeni, watoto hushikana mabega kwa mistari wakikanyaga matope mpaka magotini, wanaanguka, wanapakana, na hakuna mama anayegomba, kwa sababu siku hiyo uchafu ni kazi. Hutokea mara moja baada ya miaka. Nilikuwa mdogo mno mara iliyopita. Nilizisikia nyimbo kutoka kule juu, nikakaa kizingitini, nikaona nitakufa.

Yoeli, mtoto wa shangazi yangu, alipita akiwa amekunja suruali. Alikuwa ameshaota ndevu mbili tatu na alizishika kila alipozungumza.

"Wewe hapo, umekuwa yaya?"

"Namwangalia babu."

"Unamwangalia anafanya nini? Anataga?"

Nilicheka. Nilimcheka babu yangu, akiwa nyuma yangu ndani.

"Watoto wote wako ndivani," Yoeli akasema. "Hata yule kiwete wa Mama Niwaeli yuko, anapiga debe. Wakikuuliza kesho ulikuwa wapi utasema ulikuwa unanyonyesha mzee?"

"Akitoka akaanguka mferejini je?"

"Asitoke sasa. Kufuli la ghala si hilo? Mfungie tu, kwani ataenda wapi?"

Hilo ndilo swali. Naye aliuliza kwa wema, nadhani. Hakuwa mtu mbaya Yoeli. Aliona hatari moja, ya mzee kutoka nje. Mimi niliyefundishwa hatari ya mzee kushindwa kutoka ndiye niliyepaswa kuiona.

Nilifanya kila kitu kingine. Nilijaza makopo. Nilimwaga majivu makavu kuizunguka nyumba, nikaongeza mlangoni. Nilipofika ukuta wa nyuma niliwaona wadudu wachache wekundu wa kuelekea weusi wakikimbia juu ya udongo, wakienda na kurudi. Niliwatazama mikono yao. Mtanisamehe, sisi wajukuu wa babu yule tulisema "mikono". Hawakubeba kitu. Nikasema moyoni: sisimizi. Nikamwaga majivu juu yao.

Babu alikuwa amelala kitandani, macho wazi. Ukungu uliingia kwa dirisha lenye fito na nikaona anasikia baridi, nikachukua blanketi la kijivu alilolileta baba na kumfunika vizuri, nikaliingiza mabegani mwake. Lilikuwa kubwa kwa kitanda kile. Upande mmoja ulining'inia mpaka sakafuni. Niliuona na sikuuinua. Nilikuwa na haraka, na nilihisi nimekuwa mjukuu mwema.

"Mani," akasema, "siafu wanakuja."

"Ndiyo, babu. Naenda kuchota maji, nakuja sasa hivi."

Yoeli akabana kufuli. Ufunguo akautia kwenye uzi na kujivalisha shingoni, maana mimi, alisema, ningeupoteza kwenye matope.

Kuhusu ndivani sitawaambia mengi. Nilifurahi. Sijawahi tena kufurahi namna ile, na sisemi hivyo kwa majonzi ya kupamba; ni kwamba furaha isiyo na kitu pembeni yake sikuipata tena. Mama alikuwa upande wa pili na wanawake wakipitisha karai za udongo, na kwa matope niliyojipaka hakunitambua. Manyunyu yalianza. Mzee mmoja akaimba kwamba mbingu nazo zimekuja msaragambo, watu wakapiga vigelegele. Majivu yakilowa ni udongo tu, siafu hukanyaga juu yake kama barabara. Hilo nililijua pia. Halikunijia.

Ningependa kuwaambia kwamba nilikumbuka na kukimbia nyumbani. Hapana. Nilisikia njaa, na nilijua kuna viazi vimebaki chunguni.

Cha kwanza nilichoona ni kuku. Wote walikuwa juu ya paa, kimya, wamesimama kwa mguu mmoja mmoja. Kisha nikaona ukuta. Kutoka migombani ulikuja mstari mweusi, mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe, ukivuka majivu yaliyolowa, ukipanda kizingiti na kuingia chini ya mlango, na pembeni mwake wale wenye vichwa vikubwa wamesimama wameinua taya. Juu ya ukuta walikuwa wametawanyika kiasi kwamba ulionekana unatembea.

Na ndani babu alikuwa akiniita. Hakupiga kelele. Alisema kama alivyokuwa akiwaambia watu wa zamu za maji, kwa sauti ya mtu anayejua utaratibu: "Mani. Fungua."

"Babu, sina ufunguo."

"Fungua, Mani, watoke watu."

Nilivuta kufuli. Nilipiga mlango kwa jiwe. Siafu walinipanda miguu na nikaruka nikijipiga, na nilipojaribu dirisha fito zile za mkangazi hazikusogea, baba alizitia mwenyewe dhidi ya wezi. Kupitia fito niliona kitanda. Makopo yalikuwa yamejaa maji na hakuna siafu hata mmoja aliyepanda mguu wa kitanda. Walipanda kwa blanketi. Ule upande uliogusa sakafu ulikuwa mweusi mpaka juu.

Nilikimbia kurudi mlimani. Sijui niliwaambia nini. Nakumbuka tu mama aliniona, safari hii akanitambua, na kabla sijamaliza alikuwa ameshamkabidhi Mama Niwaeli mtoto na kumnyang'anya Yoeli ule uzi shingoni ukakatika. Mama alishuka ule mteremko mbele ya wanaume wote. Nyuma yake nilisikia nyimbo zikifa sauti moja moja.

Walimtoa. Wanawake walimlaza chini ya migomba, wakamvua nguo mchana kweupe mzee yule ambaye hakuna aliyewahi kumwona bila koti, wakamchambua siafu mmoja mmoja. Siafu ukimvuta anakatika, kichwa kinabaki kimeng'ata. Mama alipaka mafuta ya taa kwa kitambaa, akiomba kwa Chasu, lugha yetu Wapare, polepole, kama anambembeleza mtoto. Walikuwa wameingia puani, masikioni na kwenye kope. Babu hakulia. Alikuwa anatetemeka na kutazama juu.

Mama hakunipiga. Alisema, "Umemfungia," bila kupandisha sauti, akarudi kwa kitambaa chake. Baba alipokuja mwisho wa mwezi hakunipiga pia. Yoeli alipigwa na shangazi mpaka majirani wakaingilia, na nilimwonea wivu.

Uvimbe ulipungua. Waliomwona walisema Mungu ni mwema, mzee ana mwili wa zamani, amepona. Siku alipoweza kukaa nilichukua bakuli la uji, nikakaa kwenye kigoda, nikasema, "Babu, shikamoo, tule."

Alinitazama. Kisha akavuta miguu yake yote miwili kitandani, akajibana ukutani na kumwita mama, akimwita kwa jina la dada yake. "Mtoe huyu," akasema. "Huyu ndiye anayefunga."

Tulifikiri itapita. Alikuwa anasahau kila kitu, kwa nini asisahau na hilo? Tena tuliomba asahau. Nilijaribu asubuhi, nilijaribu nikiwa nimevaa shati la baba, nilijaribu kusimama mlangoni bila kuingia. Alijifunza kula kutoka kwa mama. Jina la Mani aliendelea kulitaja, na hilo ndilo lililonimaliza: alimwuliza mama, mimi nikiwa pale pale, kama Mani amesharudi na maji.

Nikiwa mtoto nilidhani ananiadhibu, nami nikaona ni haki. Nilimaliza shule, nikaenda sekondari, nikafanya kazi, nikazeesha miguu yangu mwenyewe, ndipo nikaelewa kwamba hakuwa na adhabu yoyote. Akilini mwake tulikuwa wawili. Kulikuwa na mjukuu aliyeahidi kurudi, na kulikuwa na mtoto wa matope aliyesimama nyuma ya fito akisema hana ufunguo. Alimpenda mmoja na kumwogopa mwingine, na hakuna aliyeweza kumweleza kwamba ni mtu yule yule. Kuhusu siafu pia nilielewa baadaye. Siku nyingi hakukuwa na siafu. Akili yake ndiyo iliyokuwa ikipapasa ukuta. Lakini onyo la mtu aliyechanganyikiwa halikuhitaji kuwa kweli kila siku. Ilitosha mtu aende kutazama, na akiona, akubali ameona.

Mke wa mwanangu ameanza kunirudishia maswali yangu. "Umeshaniuliza hilo, baba," anasema, kwa upole. Juzi walipotoka wote kwenda ibadani alifunga geti kwa nje, kwa usalama wangu. Nilimwomba asifanye hivyo tena. Aliniuliza sababu nikasema napenda hewa.

Babu aliishi mpaka nilipokuwa kidato cha pili. Muda wote huo tulilala nyumba moja, na kila niliposogea karibu alivuta miguu. Alipokuwa anakufa waliniambia nibaki nje, ili afe kwa amani, nami nikabaki nje. Mchana mmoja wa matope ulinigharimu babu yangu, na ulinigharimu yeye akiwa bado hai.